Mkunga kwenye Kompyuta Namba Tatu

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa nilicheza upande mmoja na Mkunga, na katika muda wote huo hakufyatua hata kombora moja. Nalitaja hili kwanza kwa sababu siku hizi wapo watu wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, wanaosimulia kwamba alikuwa hodari wa mchezo ule. Hakuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika matokeo, na daftari ninalo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mafunzo. Ilipojulikana kwamba chini ya bahari, mbele ya rasi ya Afungi, kuna gesi, tuliambiwa kazi zinakuja na zitataka watu wanaojua kompyuta. Mkandarasi mmoja akaleta mashine nane zilizokwisha kutumika, meza, jenereta na mwalimu wa miezi mitatu. Mwalimu alipoondoka nilikabidhiwa ufunguo, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee aliyeweza kuifungua mashine ikiharibika na kuifunga tena bila skrubu kubaki mezani. Sikusomea popote. Nilijifunza kwetu Mucojo, kwenye vitabu vya maelekezo vya Kireno ambavyo wenyewe walivitupa.

Vijana walipata vyeti, kazi hazikuja, na ndani ya mashine mwalimu alikuwa ameacha mchezo. Ni mchezo wa vita vya angani, wa watu wengi kwa pamoja. Mashine zinaunganishwa kwa waya, wanne huku, wanne kule. Kila mtu anaendesha chombo chake kati ya nyota, na mambo yanatokea papo hapo, hakuna kusubiri zamu. Kila upande una kituo. Kituo chako kikilipuka, umeshindwa. Watatu wanapigana, na wa nne anaendesha chombo cha uokozi, chenye silaha moja ndogo ya kujihami. Huyo kazi yake ni kuvifuata vyombo vilivyopigwa, kujipachika ubavuni mwavyo na kuvitengeneza. Kujipachika ndiko kugumu kuliko yote. Angani hakuna breki. Ukiachia, chombo kinaendelea kwenda. Lazima usukume upande wa pili, kidogo kidogo, kwa kipanya, mpaka vyombo viwili viende sawa kana kwamba vimesimama. Ukigusa ukingo, vyote viwili vinalipuka.

Mkunga aliomba chombo hicho siku ya kwanza na hakukiacha tena.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyepita miaka sitini. Kituo cha afya kilikuwa kimemstaafisha, ila wanawake hawakumstaafisha. Alikuja kwangu kuchapiwa barua ya pensheni. Barua ilikuwa tayari baada ya dakika kumi, naye akabaki amesimama nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akijaribu kujipachika, akishindwa, akirudia. Alisimama kama nusu saa. Kisha akaniuliza kama kitu kile kinafundishika. Nilimwambia kinafundishika kwa mtu mwenye subira. Akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya nijute kulitaja neno hilo mbele ya mkunga.

Subira anayo, hilo silibishi. Tatizo ni kwamba alikuwa nayo wakati kituo chetu kinawaka moto.

Kwanza kulikuwa na suala la kunawa. Hakugusa mashine kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, kidole kimoja kimoja. Niliweka taulo. Akauliza taulo la watu wanane ni la kumpangusia nani. Basi alikuwa akikaa mbele ya kompyuta namba tatu, mikono ameinyanyua hewani ikauke, na vita vimeshaanza. Namwona mpaka leo, mikono juu kama mtu aliyejisalimisha, na adui bado hajatoka hata kituoni kwake. Matone yaliua herufi mbili za kibodi. Nilipomwonyesha, alisema mashine isiyovumilia maji safi itavumilia nini.

Pili, salamu. Mchezo unahesabu kuanzia kumi kurudi chini, na ndani ya kumi hizo Mkunga alitaka kujua hali ya mama wa kila mchezaji wa upande wa pili, na kama kikohozi cha babu yake fulani kimepungua. Nao wakamjibu. Nilipolalamika, aliwageukia wote na kuwaambia, "Huyu sikumpokea mimi, ndiyo maana ana haraka." Wakacheka. Kweli sikuzaliwa mikononi mwake, nilizaliwa Mucojo. Alilitumia jambo hilo dhidi yangu kila alipopata nafasi.

Tatu, mdomo wake. Mtu aliyekuwa mpole kwa wanawake wenye uchungu, kwenye mchezo alitoa amri kama sajini. Chombo kilichopigwa kilipoanza kumkimbilia, alisema, "Bado. Bado. Usisukume. Pumua kwanza." Kijana anayekiendesha akapumua. Kisha, "Sasa sukuma, kidogo, basi, acha." Upande wote ulijifunza kumtii. Sitasema haikusaidia. Nasema tu kwamba nilikuwa mtu mzima, nimeoa, nina binti anayesoma, na nilikuwa nikiambiwa mbele za watu nipumue na nisikaze magoti.

La nne ndilo lililoniudhi zaidi. Mwanamke angefika dirishani, aseme tu, "Bi Mkunga, unaitwa," naye anasimama. Haangalii kama tunashinda, haangalii kama ubavuni mwake kuna chombo kinachongoja. Anavaa viatu, anaondoka. Na kwa kuwa angani hakuna breki, chombo chetu cha uokozi kiliendelea kwenda, peke yake, kimya, mpaka kikafika mwisho wa ramani. Hilo lilitokea mara tano, na tarehe zake ninazo. Nilimwomba jambo moja, kabla ya kuinuka abonyeze herufi ya kusimamisha. Akaniuliza kama mke wangu alipokuwa anajifungua ningependa mkunga achelewe akiegesha chombo. Hata hivyo ilikuwa herufi moja.

Lakini yote haya yangevumilika kama tungekuwa tunacheza mchezo wa kweli, na hatukuwa tukiucheza. Nilichukua miezi kadhaa kulitambua hilo, na nililitambua kwa daftari. Chombo cha Mkunga kilikuwa hakipigwi. Katika mechi arobaini kilipigwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwa bahati mbaya, na aliyempiga alisimama, akaja mpaka kwenye kiti chake, akamwomba radhi. Niliwauliza vijana wa upande wa pili kuna nini. Mwishowe mmoja akasema kwamba yule mama alimtoa akiwa amejifunga kitovu shingoni, sasa ampige kombora kwa uso gani.

Nilieleza kwamba lile si kombora, ni nukta za mwanga. Nilieleza kwamba Mkunga mwenyewe hamo ndani ya chombo. Walinisikiliza kwa heshima na hawakubadilika. Basi, kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, niliamua kuitumia hali hiyo. Nikampanga Mkunga mbele ya kituo chetu, kama ukuta. Tukashinda mechi sita mfululizo, kwa sababu nusu ya vijana wa Palma hawakuweza kurusha kitu upande aliokaa.

Mechi ya saba alitoka kwenye nafasi yake, akaenda kujiweka katikati kabisa ya adui, akasimama. Hakuna aliyempiga. Vyombo vinne vilimzunguka kama mbuzi wanaozunguka gari lililoegeshwa.

"Mnanidekeza," aliwaambia. "Nani kawaambia mnidekeze?"

Alikasirika kweli, na sikuelewa kwa nini. Nilidhani ni ubishi wake tu.

Ndipo wakaja watu wa kambini. Wakati huo uzio wa Afungi ulikuwa haujakamilika, lakini kulikuwa na kambi ya wafanyakazi wa gesi, na kambi ina jiko na walinzi. Mpishi mmoja, kijana wa Nampula, alisikia habari za chumba chetu, akaanza kuja Jumapili mchana na wenzake watatu, mmoja wa Beira na wawili wa Maputo. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Palma. Mechi ya kwanza, dakika ya pili, mpishi alikilipua chombo cha uokozi. Kila mtu aliachia kipanya. Kijana mmoja alisimama. Mpishi akatazama huku na huku, akauliza kwa Kireno kafanya nini. Akaelezwa. Akavua kofia.

"Desculpe, avó," alimwambia, yaani samahani, bibi. "Sikujua."

"Usiombe radhi, mume wangu," Mkunga alisema, maana vijana wote aliwaita waume zake, kama bibi yeyote. "Anza tena. Nipige."

Tulishindwa Jumapili ile, na kumi zilizofuata. Nimezihesabu. Mpishi alikuwa mwepesi, hakuwa na deni la adabu kwa mtu, na alikuwa akimwandama Mkunga kila alipokaribia kujipachika. Mkunga aligusa ukingo mara kwa mara. Kila alipogusa, tulipoteza vyombo viwili kwa mpigo mmoja. Kila ulipolipuka mwanga, alikaa kidogo akiutazama mkono wake wa kulia juu ya kipanya, kisha akasema tuanze tena. Alikuja mapema kuliko mtu yeyote na kuondoka wa mwisho, na alifurahi kuliko wakati ule tulipokuwa tunashinda. Nilimwomba abadilishane nafasi na kijana mwenye vidole vyepesi. Akakataa. Nikamwomba tena. Akaniambia kwamba yeye haangalii nani kashinda, anaangalia nani katoka mzima.

Hapa naandika jambo ambalo sikulisema wakati wake.

Mchezo ule una ukurasa wa marekebisho, na ndani yake kuna msaada kwa wanaojifunza. Ukiuwasha, mashine yenyewe inatuliza chombo katika hatua za mwisho za kujipachika. Mkono ukiteleza, mashine inasahihisha. Anayecheza haoni chochote; anaona chombo kimetulia. Siku moja baada ya Idi, chumba kikiwa kitupu, nilikaa kwenye kompyuta namba tatu nikauwasha. Ilichukua muda mfupi kuliko kunawa kwake. Jumapili iliyofuata Mkunga alijipachika mara tisa bila kugusa ukingo, nasi tukamshinda mpishi. Niliandika matokeo kwenye daftari. Msaada sikuuandika.

Tulishinda kwa miezi miwili. Vijana wakamshangilia. Mpishi alimpa mkono. Na mimi, nakiri, nilijiona nimetatua tatizo la kiufundi kwa njia ya kiufundi.

Baada ya moja ya mechi hizo, wengine walipokwisha kutoka, Mkunga alibaki kwenye kiti. Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, vidole vimepanuka.

"Mwanangu," alisema, "mkono umerudi."

Akanieleza, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa. Zaidi ya miaka miwili kabla, vidole vya mkono ule vilianza kufa ganzi. Siku moja mtoto aliyekuwa akimpokea alimponyoka. Akamdaka kwa mkono wa kushoto, na mama hakuona. Hakumwambia mtu. Alijua akiwauliza wanawake kama bado anafaa, watasema anafaa. Akiwauliza watoto aliowapokea, watasema zaidi ya hapo. Alipomwona yule kijana akijipachika, alifikiri hiyo ni kazi ileile: kushika bila kukaza, kungoja, kutolazimisha. Na mashine haina haya, itamwambia ukweli. Vijana wa Palma wakamharibia kipimo kwa heshima yao. Anamshukuru Mungu, alisema, kwa mpishi yule. Sasa kwa miezi miwili mashine inamwambia mkono ni mzima. Kulikuwa na mwanamke mwenye mimba ya mapacha, karibu na soko, ambaye Mkunga alikuwa akimkatalia kumzalisha. Asubuhi ile alikuwa amemkubalia. Siku zake zilikuwa ndani ya wiki ile.

Nilifunga chumba. Nilikwenda nyumbani. Nilijaribu kujiambia kwamba anaweza kuwa amepona kweli, na msaada haukubadilisha kitu. Kisha nikafungua daftari na kuzitazama zile Jumapili kumi na moja za kabla. Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa uani kwake.

Alikuwa akichemsha mkasi. Msaidizi wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akikunja vitambaa. Nilimwambia Mkunga mbele ya msaidizi, kwa sababu nilijua tukiwa wawili tu ningelipunguza.

"Mama, kompyuta namba tatu ilikuwa inakusaidia. Mimi ndiye niliyeiwasha isaidie."

Alitaka nieleze. Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa.

"Tangu lini?"

"Baada ya Idi."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Watatu," alisema. "Wa pili alikuja miguu mbele. Ningempeleka hospitali. Nilimgeuza kwa mkono huu kwa sababu nilijua umepona."

Watoto wote watatu wako hai. Nilimwambia hivyo, naye akasema anajua, amewapima. Kisha akautoa mkasi kwenye maji.

"Ulitaka kushinda," alisema.

"Ndiyo."

Heri angenitukana, maneno alikuwa nayo, nilikuwa nimeyasikia kwenye mchezo.

Haikuwa Jumapili, na mpishi asingekuja. Mkunga akaniambia nichukue ufunguo. Chumbani aliniamuru niuzime ule msaada, na akavaa miwani kusoma kwenye skrini kwamba umezimwa. Akanawa, akakausha mikono hewani, na kwa mara ya kwanza sikusema kitu. Msaidizi akakaa kwenye chombo kilichoharibika, akae tu, asiguse kitu. Mimi nikawekwa upande wa adui.

"Wewe hukutoka mkononi mwangu," alisema. "Nipige."

Tulikubaliana mara kumi. Nilimwandama kama mpishi alivyokuwa akimwandama. Aligusa ukingo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne alipita. Ya tano na ya sita akagusa. Ya saba akapita, vizuri kabisa, nikasikia msaidizi akivuta pumzi. Mara ya nane nilitamani kukosea shabaha. Ilikuwa rahisi, kusogeza kipanya upana wa punje ya mchele. Sikukosea. Akagusa. Na ya tisa, na ya kumi.

Alikaa akiutazama mkono, kisha akasema basi, na akaniuliza gari la mahitaji la kambini linakwenda Mocímboa, kwenye hospitali, siku gani.

Mpishi ndiye aliyetafuta nafasi. Mwanamke mwenye mapacha alisafirishwa hospitali kesho yake asubuhi, msaidizi kulia kwake, Mkunga kushoto, mikono ameiweka chini ya kanga. Mapacha walizaliwa wakiwa hai, mmoja mdogo sana, na akakua. Mkunga aliporudi alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wanawake wote wenye mimba aliowaahidi, akawaambia mkono umekwisha, waende kwa msaidizi au hospitali. Chumbani kwangu hakurudi. Tulimtafuta mtu wa nne, tukampata, mwepesi wa vidole, asiyesalimia mtu. Mchezo ukawa mchezo. Mwezi wa pili niliacha kuandika matokeo.

Watu walinilaumu. Sokoni mama mmoja aliniambia wazi kwamba kama ningenyamaza, mkono usingejua kama ni mgonjwa. Nilijaribu kumweleza. Nimejaribu kueleza watu wengi sana katika maisha yangu.

Miaka ikapita. Familia ya mume wa binti yangu ilihamishwa kutoka kwenye eneo la gesi, ikapewa nyumba ya matofali katika kijiji kipya cha Quitunda. Mkunga naye alikuwa amehamia huko, kwa msaidizi wake, ambaye sasa ndiye watu waliyemwita mkunga. Binti yangu alishikwa na uchungu asubuhi moja wakati barabara ya Mocímboa ilikuwa haipitiki tena kwa sababu ya vita. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa. Nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani, kwenye kivuli kidogo cha saa sita. Ndani niliisikia sauti ya Mkunga, na sauti ya msaidizi ikiuliza, na ya Mkunga ikijibu. Ilichukua muda mrefu. Kisha nikasikia mtoto.

Mkunga ndiye aliyetoka. Alikuwa amezeeka sana. Mikono yake ilikuwa mikavu, imekunjwa ndani ya kanga, hakuwa ameitumia. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile. Nilisimama. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza habari za Mucojo, za mke wangu, za kifua changu, moja baada ya moja, na nilizijibu zote.

"Ni msichana," alisema mwishoni. "Mama yake mzima."

Nikanyoosha mikono nimpokee. Msaidizi alikuwa amesimama mlangoni na kifurushi. Mkunga hakumwita. Aliitazama mikono yangu muda mrefu, kwa makini, kama alivyokuwa akiutazama wake.

"Inatetemeka," alisema.

Nikamwambia ni kidogo tu.

"Sikukuuliza ni kiasi gani. Kaa chini kwanza."

Nilikaa chini, mchangani, mgongo ukutani. Alinifanya nipumue. Tulingoja, na alikataa mara mbili nilipomwambia tayari. Mara ya tatu aliitazama tena, akampa msaidizi ishara, na mtoto akawekwa mapajani mwangu.